Kafika, Si Kafika?

Lorna Haworth alipowaambia ndugu zake kwamba ameacha cheo chake wodini ili awe mwanagenzi, kaka yake Keith, fundi bomba, alicheka mpaka akaweka uma chini.

"Mwanagenzi? Wewe? Wa kwangu bado ana chunusi. Kazi yake kunitilia chai na kupoteza spana. Wewe na mvi zako utapoteza nini?"

"Subira," Lorna alisema. "Na hiyo naona imeshaanza kuniishia. Nipe viazi."

Alikuwa amefanya kazi wodi ya upasuaji karibu nusu ya maisha yake, na alichoka kuwafunga watu vidonda, kuwaruhusu kwenda nyumbani, kisha kuwapokea tena baada ya wiki chache wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoondoka. Alitaka kujua huko nyumbani kunatokea nini. Zamani muuguzi aliyetaka kuwa bingwa wa uuguzi wa majumbani alilazimika kuacha kazi akakae darasani mwaka mzima. Sasa kulikuwa na njia hii ya uanagenzi: unaajiriwa, unajifunzia majumbani mwa watu chini ya muuguzi mkongwe, unakwenda chuoni siku uliyopangiwa, na mwishoni unatahiniwa. Ukifaulu unakabidhiwa eneo lako, unakuwa Sista, yaani muuguzi mkuu wa eneo, na neno lako juu ya mgonjwa linasikilizwa. Hivyo ndivyo walivyomwambia.

Mkongwe aliyepewa alikuwa Sista Bernadette Kilbride, mwanamke mfupi mwenye sauti ya padri, aliyeendesha kigari chake kwenye vilima vya Harsden, mji wetu huku Uingereza, kana kwamba anakimbizwa na polisi.

"Ya hospitali yasahau," alimwambia Lorna siku ya kwanza, wakipanda mlima kwa gia ya pili. "Kule mgonjwa analala kwenye kitanda chako. Huku wewe ndiye unakalia kiti chake. Ukiingia usikimbilie kidonda. Tazama jiko kama limewashwa leo. Tazama barua kama zimerundikana nyuma ya mlango. Ukipewa chai kunywa, hata kama kikombe ni kichafu mpaka kimekushinda."

"Na kama kimenishinda kabisa?"

"Kunywa umefumba macho. Mimi ndivyo nilivyofika hapa."

Ndivyo Lorna alivyomfahamu Bi Hilda Sugden.

Bi Hilda aliishi peke yake juu kabisa mwa Mtaa wa Prospect, ambao sisi wa Harsden tunaujua: mwinamo wa kukata pumzi, mawe ya mviringo badala ya lami, na ngazi za mawe zilizolika katikati mbele ya kila mlango. Aliingia kiwandani kufuma pamba akiwa msichana wa shule, na kelele za mitambo zikamla masikio kabla hajaolewa. Wafumaji wote walizoea kuongea kwa midomo tu, bila sauti, maana sauti haikuwa na kazi mle ndani. Kwa hiyo Bi Hilda alikuwa kiziwi nusu, lakini ukisimama ng'ambo ya barabara ukamsengenya, alikusoma midomo akakujibu.

Alikuwa na kisukari na kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Alikiita mpangaji.

"Karibu, binti. Njoo umwone mpangaji wangu. Bado hataki kuhama."

Lorna alipiga magoti kwenye zulia, akafungua bendeji, akaosha, akapima, akafunga upya. Sista Bernadette alikaa pembeni na chai yake, akisema kidogo sana. Baada ya miezi kadhaa ukingo wa kidonda ulianza kusogea ndani, na chini yake ikaota nyama nyekundu yenye afya. Siku Bernadette alipoiona aliweka kikombe chini. "Hiyo ni kazi yako wewe, si yangu," alisema. Lorna alirudi nyumbani akawaeleza mabinti zake habari za mguu wa ajuza wakati wa kula, nao wakamwomba anyamaze.

Kisha Doris alikufa.

Doris alikuwa jirani wa ukuta mmoja na Bi Hilda. Walisimama kwenye mitambo miwili iliyopakana tangu wakiwa wasichana, wakaolewa mwaka mmoja, wakawazika waume zao. Siku ya mazishi wana wawili wa Doris, waliokuja kutoka Australia, walimkalisha Bi Hilda kwenye kiti cha jikoni, wakambeba ngazi zote na mtaa mzima mpaka kwenye gari, wakambeba kuingia kanisani, wakambeba kuingia ukumbini kwenye pai na chai ya msiba. Siku ileile muuguzi wa zamu alikwenda kumfunga kidonda akakuta mlango umefungwa.

Habari hiyo ikafika kwa meneja.

Craig Tillotson hakuwa muuguzi. Alitokea kampuni ya kusambaza vifurushi, na aliletwa kwetu ili aonyeshe wauguzi wa majumbani jinsi ya kufika milango mingi zaidi kwa siku. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa mpole, msafi, mwenye kukumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mfanyakazi. Alimwita Lorna ofisini akamkaribisha biskuti.

"Huyu mama wa Prospect," alisema. "Kumbe anatoka nje."

"Alitoka mara moja. Kwa kubebwa."

"Utaratibu mpya unasema anayeweza kutoka nje aende kliniki. Wauguzi wa majumbani ni kwa wasioweza kutoka. Kama anaweza kwenda msibani, anaweza kwenda kliniki. Unaona mantiki?"

"Craig, walimbeba kama kabati. Wale waliombeba wamesharudi Australia."

"Kuna basi."

"Umewahi kufika Prospect?"

Tillotson alitabasamu. "Nimeiona kwenye ramani. Naomba wewe ndiye umpelekee habari hizo. Itakuwa fursa nzuri kwako kujifunza mazungumzo magumu."

"Mimi sikubaliani nayo. Sista Bernadette naye hakubali. Sisi ndio tunaouona mguu."

"Bernadette anakaribia kustaafu, anaweza kusema atakalo. Wewe ni mwanagenzi, Lorna. Upo hapa kujifunza huduma inavyoendeshwa."

Lorna aliondoka na biskuti mkononi, na alipofika kwenye gari aligundua ameifinya hadi ikawa unga. Miaka yote ile wodini, akiwa na madaktari wa kila aina ya kiburi, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye yupo pale kujifunza jinsi ya kumtupa mgonjwa.

Kule Prospect, Bi Hilda alimtazama Lorna mdomo mpaka alipomaliza kumweleza.

"Kwa hiyo nimeadhibiwa kwa kumzika Doris."

"Si adhabu, Bi Hilda, ni—" Lorna alianza, halafu akaacha. "Ndiyo. Naona ni hivyo."

"Asante kwa kutonidanganya. Kaa unywe chai."

Lorna aliomba gari la kubeba wagonjwa. Wakamkatalia: Bi Hilda anaishi karibu mno na kliniki. Ndipo akakumbuka jambo. Katika mafunzo yale kulikuwa na siku ambayo meneja sharti afuatane na mwanagenzi, amwone akifanya kazi. Tillotson alikuwa akiiahirisha tangu majira ya joto.

"Njoo Alhamisi," Lorna alimwambia. "Tutampeleka Bi Hilda kliniki kwa basi, kama mnavyotaka aende mwenyewe."

Tillotson alifikiri kidogo. "Sawa. Wazo zuri, kwa kweli."

Alhamisi mvua ilinyesha ile ya kwetu, isiyo na haraka wala mwisho. Tillotson alikuja na viatu vya ngozi. Kuteremka tu ngazi za mlangoni kulimtoa Bi Hilda jasho. Fremu yake ya kutembelea haikushika kwenye mawe. Mguu mmoja wa fremu ulizama kwenye ufa, mwingine ukateleza. Lorna alimshika kiuno kwa nyuma, na mara mbili Tillotson mwenyewe alinusurika kuanguka.

"Shikilia ukuta, mwanangu," Bi Hilda alimwambia. "Wageni wote huanguka hapo."

Basi la kwanza liliwapita, kwa kuwa nafasi ya vigari ilishachukuliwa na kigari cha mtoto. La pili lilisimama mbali na ukingo, na dereva alishuka kuteremsha kidaraja chake huku akihema kwa makusudi. Mjini walishuka wakavuka kituo kizima kwenda kupanda lingine. Kliniki siku hizi ipo ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia, na lifti ilikuwa na kikaratasi kinachoomba radhi. Bi Hilda alipanda ngazi akiwa ameketi, kinyumenyume, kidato kwa kidato, huku Lorna akiushikilia mguu mbaya usigonge. Watu waliokuwa wakishuka waliwaruka. Hakulia, ila alianza kuhesabu kwa ule mdomo wake usio na sauti, kama alivyohesabu nyuzi zamani.

Walipofika juu, soksi yake ya kushoto ilikuwa imelowa, na hayakuwa maji ya mvua.

"Mmechelewa," alisema binti wa mapokezi. "Itabidi mpangiwe siku nyingine."

Tillotson alionyesha kitambulisho chake, naye binti akasema basi wakae. Uso wa meneja ulikuwa mweupe. Lorna alimtazama akafikiri: sasa ameona, na macho yakiona, mtu hawezi kurudi nyuma. Alikuwa amemaliza karibu mwaka mzima wa uanagenzi, na bado alikuwa hajajua kwamba hilo si kweli.

Tillotson aliingia kwenye chumba kidogo chenye kioo, upande wa pili wa ukumbi, akafunga mlango, akapiga simu. Ukumbi ulikuwa umejaa wazee wenzake Bi Hilda, wengine na fimbo, wengine na vigari. Bi Hilda alikuwa akimtazama meneja kupitia kioo. Akaanza kusema kwa sauti, ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake:

"'Amefika.'"

Lorna aligeuka. "Nini, Bi Hilda?"

"Yule kijana. Anasema, 'Ndiyo, kwa basi. Bibi kizee, kidonda mguuni, mvua inanyesha, na kafika. Si kafika?'" Macho yake hayakuondoka kwenye kioo. "'Basi tuwatoe kwenye orodha ya majumbani na wale wengine wa upande wa juu. Wakilalamika, tutawaonyesha huyu.'"

Mzee mmoja mwenye kofia ya bapa aliondoa kifaa chake cha kusikilizia, akakigonga, akakirudisha sikioni. "Kasema nini?"

"Kasema tunaweza kutambaa wote, Stanley," alijibu mama mmoja. "Kwa vile huyu katambaa."

Tillotson alipofungua mlango alikuta kila uso umemwelekea. Lorna alisimama mbele yake.

"Rudia uliyoyasema kwenye simu."

"Hayo yalikuwa mazungumzo ya faragha."

"Rudia mbele yake! Ulimwona alivyopanda ngazi kwa makalio. Ulikuwepo! Ulikuwa nyuma yangu umebeba mwavuli wake!"

"Lorna, punguza sauti."

"Sauti yangu haimhusu yeye. Yeye anasoma midomo."

Wazee wakacheka, kicheko kisicho na raha, na Tillotson akawa mwekundu mpaka shingoni. Alipiga goti karibu na kiti cha Bi Hilda, akatamka kila neno polepole: alikuwa ameguswa, angelishughulikia suala lake mwenyewe, wauguzi wangerudi nyumbani kwake. Watu wote walimsikia, na Lorna akamwamini. Kuanzia wiki iliyofuata alitakiwa chuoni kwa kipindi kirefu cha masomo bila kugusa mgonjwa, na alikwenda moyo umetulia.

Tillotson hakushughulikia kitu.

Sista Bernadette alipogundua jina la Bi Hilda halipo kwenye zamu ya mtu yeyote, alianza kwenda mwenyewe, saa yake ya kula, bendeji mfukoni mwa koti. Wakamwonya. Akawaambia saa ya kula ni yake, na wengine hula sandwichi, yeye hufunga kidonda. Wakamhamishia upande wa pili wa milima, ambako hata angeruka asingefika Prospect na kurudi. Bi Hilda alipangiwa siku za kliniki. Mara mbili hakutokea, na kwa utaratibu uleule mpya, mtu asipotokea mara mbili anahesabiwa kuwa hataki huduma.

Lorna aliporudi kutoka chuoni alipita Prospect kabla hata ya kwenda ofisini. Aligonga, akasubiri kama alivyofundishwa, kisha akafungua kitundu cha kupitishia barua mlangoni ili aite. Ile harufu ilimpiga usoni. Muuguzi wa upasuaji hahitaji kuelezwa.

Aliingia akamkuta kwenye kiti, mashavu yanawaka, mguu umefungwa kwa taulo la jikoni.

"Mpangaji kaleta ndugu zake," Bi Hilda alisema. Kisha akamwita Lorna kwa jina la Doris.

Gari la wagonjwa lililokataa kumpeleka kliniki lilikuja mara moja kumpeleka hospitali. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye mfupa na kwenye damu. Walimkata mguu chini ya goti. Alikaa hospitalini mpaka theluji ikaanguka na kuyeyuka, akarudishwa Prospect kwa kiti cha magurudumu, kitanda kikawekwa sebuleni. Ndipo ofisi ya Tillotson ikatoa jibu kwamba kwa hali yake ya sasa Bi Sugden hawezi kutoka nje, na kwa hiyo anastahili kabisa kuhudumiwa nyumbani.

Lorna aliposomewa jibu hilo alicheka. Wenzake waliogopa kicheko kile.

Tangu siku hiyo hakumwacha mtu alale. Aliandamana na Bernadette mlango kwa mlango, mitaa ya juu yote, kuwatafuta waliotolewa. Wakamkuta yule Stanley wa kofia ya bapa anajifunga kidonda kwa mkanda wa gundi wa kuzibia mabomba.

"Usiniangalie hivyo," Stanley alisema. "Unashika vizuri kuliko ule wenu."

Mtihani wa mwisho wa Lorna ulikuwa wa kuhojiwa mbele ya watahini kutoka nje, na meneja wa kazini hukaa pale kama shahidi. Tillotson alimfuata siku chache kabla.

"Nasikia utazungumzia kisa cha Prospect. Nakushauri uchague kingine. Umefanya mengi mazuri. Usije ukapoteza mwaka wako kwa hasira."

"Bi Hilda kapoteza mguu kwa upole wako."

"Hiyo si haki."

"Naam," Lorna alisema. "Hapo tumekubaliana kwa mara ya kwanza."

Watahini walikuwa wawili. Mmoja, mwanamke mkavu aliyewahi kuwa muuguzi wa majumbani huko mkoani Cumbria, alimwuliza aeleze uamuzi mmoja alioufanya juu ya mgonjwa. Lorna alieleza kila kitu, tangu kiti cha jikoni hadi taulo, bila kupamba. Alipofika kwenye ngazi za kliniki yule mtahini aliinua mkono.

"Ngoja. Meneja alikuwepo?"

"Huyo hapo. Alibeba mwavuli."

Mtahini alimgeukia Tillotson. "Uliyaona haya?"

"Nilifuata utaratibu uliokuwepo wakati huo."

"Nimeuliza kama uliyaona."

Tillotson alirekebisha tai. "Niliyaona."

"Basi naomba utoke. Sitaki kukuona."

Lorna alifaulu, na kwa alama za juu. Bi Hilda naye hakukaa bure. Alimwita mwandishi wa gazeti la mji, akamsimulia, akamnywesha chai, akamtaka apande na kushuka mtaa ule akiwa amefungwa mguu mmoja. Kijana wa watu akafanya, na habari aliyoiandika ilikuwa na moto. Baada ya hapo utaratibu ule ulifutwa kimyakimya. Hakuna aliyesema tulikosea. Ilitangazwa tu kwamba sasa muuguzi wa eneo ndiye atakayeamua nani ahudumiwe nyumbani, baada ya kuiona nyumba na njia yake, kana kwamba wakubwa wameyaota haya wenyewe usingizini. Tillotson alihamishwa kwenda mkoa mwingine, kwenye cheo kikubwa zaidi. Huo ndio ukweli, na mimi nikiuandika bado mkono unataka kuvunja kalamu.

Lorna akawa Sista, na eneo alilopewa likawa mitaa ya juu. Keith alimnunulia spana mpya, akaifunga utepe mwekundu, akamwambia asiipoteze.

Mwanzo wa majira ya kuchipua wakubwa walikuja Harsden kusherehekea wanagenzi wa kwanza waliofuzu. Mkurugenzi mmoja mwenye koti la sufi alizungumza juu ya huduma inayomweka mgonjwa mbele. Kisha wakapanda Prospect, na mpiga picha wao, kumtembelea Bi Hilda, ili wapigwe naye picha pamoja na Sista mpya. Walimsifu kwa ujasiri. Walimletea maua. Mkurugenzi aliinama karibu na kile kiti cha magurudumu, akatabasamu kuelekea kamera.

Bi Hilda alimtazama mdomo, akamtazama na viatu.

"Mguu wangu mliuweka wapi?" aliuliza.

Mkurugenzi alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Samahani, mama?"

"Mguu. Ulikuwa wangu. Niliusimamia kiwandani tangu nikiwa binti. Mkiuleta tutapiga picha wote, mimi na wewe na mguu. Bila hivyo chukua maua yako."

Mpiga picha alishusha kamera. Mkurugenzi alimgeukia Lorna, kama anayeomba msaada wa Sista.

"Umemsikia," Lorna alisema. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye zulia, anafungua bendeji ya kisiki cha mguu, na hakuinua kichwa. "Na kama hamtajali, mnanizibia mwanga."